Makofi Yangu Yako Redioni

Chanji, Sumbawanga
Jioni, kabla hujarudi

Mwanangu Plasidi,

Umekwenda kuagana na washikaji zako huko kwenye kibanda cha Kasto, na najua hamtaachana mapema, kwa hiyo nimefuta meza nikakaa. Barua hii nitaiweka katikati ya mashati yako, chini ya lile jeupe, uikute ukishafika Dar na si kabla. Ukiikuta njiani ukaisoma ndani ya basi mbele ya watu, shauri yako.

Sitakuandikia mambo ya kula na kulala. Sweta nimekufungia ingawa wanasema huko joto haliondoki hata jua likizama. Ukiona halifai mpe mtu, nisilisikie tena. Mambo ya wasichana nayo nayaacha, kwa sababu nikianza nitakasirika bure na kalamu hii ni ya kuazima. Nataka kukuandikia habari ya Mollo. Asubuhi nilikwenda huko kwa babu yako kumuaga kwa niaba yako, kwa kuwa wewe ulisema utamuona ukirudi. Niliporudi ukaniuliza, "Babu anasemaje?" Nikakuambia ule kwanza. Ukala, Kasto akaja kukuita, ukasahau kuuliza tena, na mimi nikashukuru.

Nitakuambia, lakini siwezi kuanzia hapo. Inabidi nianzie kwenye wimbo.

Huo wimbo wako wa "Itikia", kila mtu siku hizi anasimulia ulivyotengenezwa kana kwamba alikuwepo. Kasto anasema ilikuwa akili yake. Yule mtangazaji wa Mbeya alisema hewani kwamba vijana wa Rukwa wamefanya utafiti wa sanaa za asili. Utafiti gani? Mimi nilikuwepo. Mlikuwa mmekwenda parokiani kuazima kinanda cha kwaya, mwalimu wa kwaya akawaambia kinanda cha kumsifu Mungu hakiendi kupigia uhuni. Mkarudi mmenuna. Redio kaseti ya Kasto, ile ambayo mlango wake umefungwa kwa mpira, mkaiweka uani juu ya kinu kilichopinduliwa. Umeme haukuwepo, mkatia betri. Mimi nilikuwa nachambua mitumba, nimekaa juu ya rundo la suruali, na nilikuwa tayari nimeanza kuwafokea.

Nilikuwa nakufokea sana siku zile, nakumbuka. Tangu umalize kidato cha nne ulikuwa unashinda na vijana hao mnasema maneno kwa haraka na kurusha mikono, na mimi nilidhani huo ni uvivu uliotafutiwa jina. Nikakupeleka kwa nguvu kwa fundi cherehani, ukakaa siku chache, ukarudi umeshona kiganja chako mwenyewe. Nikakutukana badala ya kukufunga kitambaa. Sikujua kuna watu ambao kazi yao ni maneno tu, tena maneno ya kawaida kama tunayoyasema sokoni. Hakuna aliyekuwa amenionyesha mtu wa namna hiyo.

Basi siku hiyo ukaniambia, "Mama, hebu msalimie babu."

Nikakuuliza, "Babu yupi? Yuko wapi?"

"Jifanye yupo. Pale mlangoni."

Salamu hiyo unaijua, umeiona tangu unatambaa. Lakini nitaiandika, kwa sababu naogopa kwamba hata wewe umeanza kuijua kupitia wimbo. Kwetu Ufipa mkamwana hampi baba mkwe mkono. Anachuchumaa mbali kidogo, macho chini, anakunja viganja ili sauti itoke nzito, anapiga taratibu. Kisha anasubiri. Marehemu bibi yako ndiye aliyenifundisha nilipoolewa, na hakuwa na huruma. Alikuwa ananiambia, "Usipige kama unafukuza kuku." Nikishapiga vizuri nikataka kuinuka, ananikamata bega ananirudisha chini. Alisema makofi ni kubisha tu, salamu yenyewe ni kule kusubiri. Mkubwa ataitikia akiwa tayari, kwa sauti ya kifuani, bila haraka, ndipo aulize habari za watoto, za mvua, za ulezi. Akichelewa, unabaki pale pale umechuchumaa. Magoti yakiuma ni yako.

Nikaacha suruali zangu, nikachuchumaa mbele ya mlango usio na mtu, nikapiga. Nikasubiri. Nikaona mnatazamana. Kasto akaniashiria kwa kidole niendelee. Nikapiga tena, nikasubiri tena, kuku akapita analalamika, nikakohoa, nikapiga. Na wewe ukaanza kusema juu yake. Hukuimba. Ulisema tu, kwa ile sauti unayotumia ukiniomba nauli:

Nimebisha kiwandani, kufuli limeota kutu,
nimebisha kwa mkubwa, naambiwa hakuna mtu,
cheti changu mkononi, jua lanichoma kisogo,
itikia basi, itikia hata kidogo.

Hakukuwa na ngoma, hakukuwa na gitaa. Makofi yangu, kimya, sauti yako, kimya. Nilijua maneno yale umeyatoa wapi. Baba yako alifanya kazi kwenye kinu cha serikali cha kusaga nafaka mpaka kikauzwa, na baada ya hapo alizunguka mji huu na bahasha yake ya kaki akibisha kila mlango, wakati redioni wanatuambia sasa ni soko huria na kila mtu ajitegemee. Aliugua na kufa kabla hujaanza sekondari. Sikujua kwamba ulikuwa unamtazama akirudi jioni. Nilidhani ulikuwa unacheza mpira.

Mlipozima redio kaseti mlirukaruka na kukumbatiana. "Hii ni bomba, mama," ukaniambia. Mimi nilikuwa bado nimechuchumaa. Sikujua kama niinuke, kwa sababu hakuna aliyeniitikia.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Kasto alirekodi nakala za kanda kibandani kwake mpaka betri zikamwishia, akampa konda wa basi la Mbeya, konda akampelekea mtangazaji, na wiki haijaisha nikasimama sokoni na koti la mtumba mkononi nikasikia makofi yangu yanatoka kwenye redio ya muuza dagaa. Wanawake wakageuka. "Mama Plasidi, si wewe huyo unayekohoa?" Nikawaambia ndiyo mimi. Wakapiga vigelegele, wakanizunguka, na mimi nikacheza, mjane mzima, katikati ya soko, nimeshika koti la watu. Wakanipa jina la Mama Makofi. Wateja wakawa wanakuja kunitazama, wakishanitazama wananunua. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kama mtu aliyesimama pembeni akanung'unika. Niliupenda wimbo ule. Niliupenda mno, na hata leo ukianza kupigwa mwili wangu unatangulia kabla sijaukataza.

Halafu mji wote ukawa makofi. Vijana wakikutana Chanji hawasemi tena mambo wala poa. Mmoja anapiga, mwingine anajibu, "Itikia," wanacheka. Vile vikundi vilivyokuwa vinatafuta vinanda vikaacha. Wengine wakarekodi maneno yao juu ya msumeno, wengine juu ya maji yanayodondoka kwenye ndoo, na yule seremala jirani yetu akawa anawafukuza vijana kila siku, maana wanakuja kuiba sauti ya randa yake. Hata vijana wa Kisukuma wanaochunga ng'ombe kule Kasense, wenye salamu zao wenyewe walizokuja nazo, nimewaona wakipigiana makofi ya Kifipa toka upande huu wa kijito hadi ule. Gari la mgombea likapita na vipaza sauti, makofi yangu mbele, ahadi nyuma. Na mwalimu wa kwaya naye akaja hapa nyumbani, amevaa kofia yake, kuniuliza kama ungekubali kuwafundisha vijana wa parokia kupiga vile kwa ajili ya misa ya mavuno. Nilimkaribisha chai. Nilitamani kumnyima, lakini nilimkaribisha.

Ulipopata pesa za kwanza ulifanya jambo ambalo sitalisahau. Hukununua viatu, ulimnunulia babu yako redio. Macho yake yalikuwa yameshafifia, anaona mwanga na kivuli tu, na ulisema angalau asikie sauti yako akiwa amekaa barazani. Shangazi yako Gaudensia, anayemtunza, alikuja mwenyewe mpaka hapa kutusimulia siku wimbo ulipopigwa. Babu alikuwa ameinama, anasinzia. Makofi yakaanza. Akakaa wima, akavuta shuka lake vizuri, akaitikia. Akauliza habari za watoto, akasubiri nimjibu. Badala yake akasikia sauti ya mtu analalamika kwamba anabisha na hakuna anayemwitikia. Basi akaitikia tena, kwa nguvu zaidi, akidhani hakusikika vizuri.

Tulicheka wote. Shangazi yako alisimulia huku ameshika mbavu, wewe ulilala chini. Lakini Plasidi, nilipokwenda kulala nililifikiria jambo hilo na kicheko kikaniishia. Umezunguka kote huo wimbo wa kuomba mtu aitikie. Watu wakacheza, wakapiga vigelegele, wakanunua kanda. Babu yako peke yake ndiye aliyeitikia.

Ulipoitwa kwenye mahojiano kule Mbeya ulikisimulia kisa hicho redioni. Ulikisimulia kwa upendo, nilikusikia, ulisema "babu yangu mpenzi wa Mollo." Hukuwa na nia mbaya, na mimi niliyekuwa nasikiliza sikuona ubaya. Ndiyo namna mambo haya yanavyokwenda, hakuna mahali unapoweza kunyoosha kidole. Jumapili iliyofuata watoto walikuwa kwenye ua wa babu yako. Wengine walitoka mjini na baiskeli. Wanapiga makofi nje ya ua, mzee anaitikia, wao wanaangua kicheko na kuanza, "Nimebisha kiwandani." Shangazi yako anawafukuza kwa ufagio, kesho wanakuja wengine.

Na ndipo ukaja na kanda ya pili, ile waliyoitengeneza Dar. Ulikuwa huwezi kukaa chini kwa furaha. Ukaniambia yule mtaalamu wa studio aliisikiliza kazi yenu, akasema asiongezwe mtu, lisiongezwe jambo, ila waondoe hata yale machache yaliyozidi. Akachukua makofi yangu machache, akayaingiza kwenye kompyuta, yakawa yanajizungusha yenyewe. Kuku ameondolewa. Kikohozi changu kimeondolewa. Nikasikiliza mpaka mwisho. Nikakuuliza, "Na pale nilipokuwa nasubiri?"

Ukasema, "Pale palikuwa patupu, mama. Palikuwa panapunguza mzuka."

 Naparudia pale kila siku, nikiwa napika, nikiwa kanisani, na kila nikirudi sioni ningesema nini. Ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona usoni kwa baba yako. Na kweli ni wimbo mzuri zaidi ule wa pili, hata mimi nasikia. Ningekuwa naweza kuutukana ningepumzika.

Lakini babu yako wimbo wa pili haukumpa nafasi. Shangazi yako anasema alijaribu. Aliitikia, kabla hajamaliza makofi mengine yakamwangukia, akaitikia hayo, yakaja mengine, mpaka pumzi ikamkata akaanza kukohoa. Shangazi akazima redio. Mzee akamuuliza kwa hasira kwa nini amemfukuza mkamwana wake kabla hajamaliza kumjibu. Wakabishana siku hiyo nzima. Baada ya hapo, kati ya redio na watoto wa uani, mzee akaamua. Akaacha kuitikia makofi yote.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukuwa na umri wa kulielewa. Baba yako alipokufa, baada ya matanga ukoo ulikaa kule Mollo kuzungumza. Baba yako mdogo alikuwa anaitaka ile sehemu ya shamba ninayolima maharage na ulezi, na alikuwa na haki ya kuuliza, maana mtu aliyenileta pale alikuwa ameshazikwa. Wakaniita. Nilikuta wamekaa wote, hakuna aliyenitazama. Sikujua niseme nini, kwa hiyo nilifanya lile nililofundishwa. Nilichuchumaa mbele ya babu yako, nikapiga makofi, nikasubiri. Sijawahi kusubiri kama siku ile. Wewe ulikuwa umeshika ukingo wa kanga yangu, pengine unakumbuka. Babu yako akaitikia. Kisha akaniuliza, mbele yao wote, kwa sauti yake ile ile ya siku zote, "Watoto hawajambo? Ulezi umeota?" Hakusema neno lingine. Baba yako mdogo akaangalia viatu vyake, na hakuna aliyeuliza tena mimi ni wa nani.

Ndiyo maana nimekwenda kumsalimu miaka yote hii, mvua ikinyesha, baridi ya Juni ikikata masikio. Hatujawahi kuzungumza mengi. Bibi yako alipokuwa hai maneno yangu yalipitia kwake, na alipokufa yalipitia kwa shangazi yako. Kati yangu na mzee kulikuwa na makofi, na kuitikia, na zile habari tatu au nne. Kwangu ilitosha. Nilikuwa narudi Chanji nimeshiba.

Majuma haya nimekuwa naenda napiga, hajibu. Shangazi yako akiwa karibu anamwambia, "Baba, ni Oresta kweli, si watoto." Anatikisa kichwa, amesikia. Lakini kutikisa kichwa si kuitikia. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na safari ya kufikiria, na nilitumaini itapita.

Nilifikiri pia kukuomba uwaambie hao watu wa Dar warudishe pale patupu. Nililipanga ombi hilo kichwani kama mtoto anayekariri shairi. Halafu nikajicheka. Kanda ziko kwenye mabasi yote toka hapa mpaka Tunduma, ziko kwenye vibanda, ziko midomoni mwa watoto. Nani atakwenda kuzikusanya? Hata wewe hupo tena juu ya wimbo wako, mwanangu, umeshakupita, na mimi niliyekuwa chini yake umenipita zamani. Sikulaumu. Ningekuwa na mtu wa kumlaumu ningekwenda nikamgombeza na kurudi nyumbani nimepoa. Kuna wakati mtu anatazama tu. Hilo limenichukua maisha mazima kulikubali, na bado sijalikubali vizuri.

Sikuandikii ili usiende. Nenda. Huko watakuambia hiki kizidi, kile kiondoke, na wengi wao watakuwa wanasema kweli, maana kazi wanaijua. Mimi sina la kukufundisha kuhusu studio. Nitafurahi tu kama kabla hawajakikata kitu utauliza kilikuwa cha nani. Hata ukikubali wakikate, uwe umeuliza.

Leo asubuhi basi. Nilichukua sukari na kipande cha sabuni, nikaenda. Shangazi yako alikuwa ameshuka shambani kung'oa maharage. Mzee alikuwa peke yake barazani kwenye jua, redio pembeni yake imezimwa, kipande cha kitambaa kimewekwa juu yake kuzuia vumbi. Bado anaitunza, ujue hilo. Nikachuchumaa mahali pangu pa siku zote, nikapiga vizuri kuliko nilivyowahi kupiga. Kimya. Nikapiga tena.

Akasema, "Zimeni hiyo redio."

Nikageuka nyuma nikidhani kuna watoto. Hakukuwa na mtu. Nikapiga mara nyingine, na mkono wake ukaanza kupapasa chini kutafuta fimbo. "Nendeni kwenu," akasema. "Mimi si wa kuchezewa."

Nikasema, "Baba, ni mimi. Oresta."

Akatikisa kichwa taratibu. "Hata jina lake mmejifunza."

Nilikuwa sijui la kufanya, Plasidi. Nikafanya jambo ambalo bibi yako angelisikia angeniadhibu. Niliinuka nikamsogelea, nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake. Alishtuka, lakini hakuuondoa. Akanipapasa kiganja, vidole, kovu la kisu hapa karibu na kidole gumba. Akawa mpole. "Wewe si mtoto," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Una mikono ya mtu wa kazi. Lakini sikujui."

Ni kweli. Angenijuaje? Tangu niolewe hajawahi kunigusa mkono. Mtu aliyemjua ni yule wa makofi. Nikamwambia tena ni mimi, akakunja uso, na nikaona kwamba nikiendelea nitakuwa nimezidi wale watoto wa uani kwa kumsumbua. Kwa hiyo nikaacha. Nikamwambia Plasidi anasafiri kesho kwenda Dar es Salaam, nimekuja kumuagia.

Uso wake ukafunguka aliposikia jina lako. Akasema vizuri, kijana lazima atoke. Kisha akainamisha kichwa upande wangu, akashusha sauti kama mtu anayeulizia jambo la nyumbani mbele ya mgeni. "Na mama yake yuko wapi? Yule alikuwa haachi kuja kunisalimu."

Nikamwambia amesafiri.

"Atarudi lini?"

Hilo sikuwa nimelipanga. Akauliza tena, kwa upole tu, bado ameushika mkono wangu. Nikamwambia sijui, baba.

Hiyo ndiyo habari ya Mollo. Nilikwenda kukuletea kwaheri ya babu yako na sikuipata, kwa sababu anamsubiri mama yako aje kuichukua. Ya kwangu unayo. Ichukue, ingawa najua haitoshi.

Mimi mama yako,
Oresta